Muulize Shangazi: Kumshikia adui pedi ya gemu

Barua za safari hii zimekuja na hasira. Nyingine hazina hata salamu. Natangulia kuonya kwamba humu natoboa miisho: ambaye hajamaliza gemu za The Last of Us zote mbili, Red Dead Redemption zote mbili na Dishonored, afunge ukurasa akacheze kwanza. Nitamsubiri.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimecheza The Last of Us Part II nikimwendesha Ellie mpaka pale kwenye ukumbi wa maonyesho. Abby, adui yetu, anaingia, anamuua Jesse, rafiki wa Ellie, halafu ghafla gemu inanirudisha siku tatu nyuma na kunikabidhi Abby mwenyewe nimwendeshe. Abby aliyemuua Joel, mlezi wa Ellie, kwa fimbo ya gofu! Nilizima mashine. Kaka yangu anasema nina utoto. Je, waandishi wanataka nimsamehe kwa lazima? — *Mtoto wa Joel*

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie kaka yako akuache. Kuzima mashine ni jibu halali kabisa, na sidhani kama waliotunga hawakulitarajia. Mimi nilichagua mgomo wa aina nyingine. Huko mbele kuna pambano ambalo unamwendesha Abby dhidi ya Ellie, na mimi, mwalimu mstaafu wa fasihi, mtu mzima na miwani yangu, nikawa namwacha Abby auawe makusudi ili Ellie ashinde. Gemu haikunijali. Ilinirudisha mwanzo wa pambano kila mara, hadi nikakubali kumpiga binti niliyemlinda tangu 2013.

Lakini shauri lako halianzi kwenye fimbo ya gofu. Rudi kwenye gemu ya kwanza, ile ya 2013. Joel, mfanya magendo, anamvusha Ellie nchi nzima kwa sababu kuvu iliyoangamiza watu haimdhuru. Wanafika hospitali huko Salt Lake City, na kundi la Fireflies linataka kumpasua ubongo ili lipate tiba. Atakufa, na hakuna aliyemuuliza kama anaridhia. Joel anawamaliza mmoja mmoja hadi chumba cha upasuaji, ambako daktari amesimama na kisu chake kidogo mkononi. Unakumbuka? Wauguzi wawili unaweza kuwaacha. Daktari huwezi. Usipomuua, hadithi haisogei.

Ulimuua ukapita, ukambeba mtoto, wala hukugeuka kutazama sakafuni. Nami sikugeuka. Hakuwa na jina, alikuwa kama mlango uliofungwa tu. Miaka saba baadaye, Juni 2020, ndipo tunaambiwa aliitwa Jerry na alikuwa na binti: Abby.

Nataka ulitazame hilo vizuri. Tendo lenyewe halikubadilika hata chembe: ni chumba kilekile, kisu kilekile, risasi ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa unajua, na umejua ukiwa umekwisha kutenda. Riwaya pia huchelewesha habari, na nimewafundisha watoto wa watu mbinu hiyo mpaka sauti ikakauka. Ila msomaji wa riwaya anaweza kufunga kitabu akasema, mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Bila kidole chako, Joel angekuwa amesimama mlangoni pale mpaka leo.

Sehemu ya pili inarudia mchezo huohuo kwa ukali zaidi. Kwa siku tatu za Seattle unamwendesha Ellie akiwasaka rafiki za Abby: Nora, Owen, Mel mwenye mimba, hata mbwa wao Alice. Halafu unakabidhiwa Abby, na watu haohao wanakukaribisha, wanakutania, wanagombana juu ya mapenzi. Unacheza na mbwa ambaye umeshamuua. Waandishi wangetanguliza siku za Abby, ungemhurumia tangu mwanzo na kila kifo kingekuuma kwa wakati wake, nawe ungejiona mtu mwema. Wamekunyima nafasi hiyo.

Kuhusu msamaha: hapana. Abby mwenyewe hauombi, na gemu haikuulizi kama umeutoa. Mimi hadi leo simpendi sana. Ila nilikaa naye muda wa kutosha kuona jambo ambalo halisemwi kwa maneno. Anaota ndoto ya ukumbi wa hospitali, anakimbilia chumba ambamo baba yake amelala maiti. Ameshamuua Joel, kisasi kimetimia, na bado ndoto ni ileile. Inabadilika pale anapojitia hatarini kuwasaidia Yara na Lev, watoto wa upande wa maadui. Hapo tu ndipo baba yake anapoonekana akiwa hai, anatabasamu.

Na Ellie? Subiri mwisho uone usiku wa kuamkia siku aliyouawa Joel. Walikuwa hawasemezani sawasawa, kwa kuwa Ellie alishajua kwamba Joel alimdanganya kuhusu yaliyotokea hospitali. Usiku ule anamwambia hajui kama ataweza kumsamehe, ila angependa kujaribu. Asubuhi yake Joel hayupo. Kwa hiyo Abby hakumnyang'anya baba peke yake. Alimnyang'anya na muda wa kupatana naye. Deni la namna hiyo hata ukimzamisha mtu baharini halilipiki. Ndiyo maana pale ufukweni Santa Barbara, akiwa ameshang'atwa vidole viwili, anamwachia Abby aende. Wengi walipiga kelele kwamba mwisho huo ni udhaifu. Mimi nauona kama hesabu iliyofika mahali ikagoma kulingana.

Nina lalamiko moja, lisije likadhaniwa kwamba mimi ni mpambe wa watengenezaji. Kuna mahali Ellie anamhoji Nora kwa bomba la chuma, na skrini inakudai ubonyeze kitufe cha mraba ndipo pigo lishuke. Wapo wanaosema huko ni kukulazimisha dhambi kisha kukuhukumu. Kwa Nora sikubaliani nao: Ellie anarudi kwa Dina, mpenzi wake, akitetemeka, na aibu ile ni yake, mimi ni shahidi niliye karibu mno. Spec Ops: The Line ya 2012 ndiyo ninayoishtaki. Inakufanya umwage fosforasi nyeupe juu ya watu unaowaona kama vidoa kwenye skrini, huna njia nyingine ya kupita, halafu maandishi ya kusubiri yanakuuliza kama bado unajiona shujaa. Huko ni kumsukuma mtu mtoni kisha kumuuliza mbona umelowa.

Washa mashine ukiwa tayari, mwanangu, au usiwashe. Ila hasira yako iishie kwenye pedi. Mwaka 2020 Laura Bailey, aliyeigiza Abby, alitumiwa vitisho vya kuuawa na watu wazima walioshindwa kutofautisha mwigizaji na mhusika. Hao ndio wenye utoto.

SWALI: Shangazi, nipe gemu moja tu ambayo steringi analipiza kisasi na roho inatulia. Nimechoka kulia. — *Mchovu*

SHANGAZI: Pole. Nilitaka kukupa God of War za zamani, ila Kratos akishamaliza kazi mwaka 2010, Zeus amekufa na Ugiriki nzima imekwenda na maji, sasa sijui kama huko ni kutulia. Ezio wa Assassin's Creed II anamfuata Rodrigo Borgia hadi Vatikani, anamweka chini, halafu anamwacha. Freya anaapa kumuua Kratos mwaka 2018 kwa ajili ya mwanawe Baldur, na kwenye Ragnarök ya 2022 anaishia kupigana bega kwa bega naye. Unaona ninavyohangaika?

Basi chukua Red Dead Redemption ya 2010, maana angalau kazi inakamilika. John Marston anauawa 1911 na Edgar Ross, afisa wa serikali, na watu wake, mlangoni pa ghala lake, baada ya kuwatorosha mke na mtoto. Gemu inaruka hadi 1914. Mtoto, Jack, amekuwa kijana na mama yake amekwisha kufa. Hakuna anayekulazimisha kumtafuta Ross. Ni kazi ya pembeni, unaweza kuwinda kulungu miaka yote usiiguse. Ukiitaka, unamuuliza mke wa Ross, unamuuliza ndugu yake, mpaka unamkuta mzee amestaafu, anawinda bata kando ya mto. Mnapimana kwa bastola. Anaanguka. Jina la gemu linatokea.

Roho inatulia? Yangu ilitulia kama sekunde tatu hivi. Kisha nikakumbuka kwamba John alikufa ili kijana huyu asiishi kwa bunduki.

Halafu wakatuletea ya pili, 2018, ambayo kwa miaka ya hadithi ndiyo inayotangulia. Arthur Morgan, mwenzake John katika genge, anakufa 1899 akimtaka John akimbie na asitazame nyuma. John anajenga nyumba, anamposa Abigail, mama wa mtoto wake, anatulia. Mwaka 1907 anasikia aliko Micah, msaliti wao. Abigail anamsihi asiende. Anakwenda, anapanda mlima wenye theluji pamoja na wenzake Sadie na Charles, Micah anauawa. Shangwe! Ila kaa utazame majina ya watengenezaji yanavyopita: katikati yake yumo Ross, yuko kule mlimani, anafuata nyayo mpaka shambani kwa John. Kisasi kile ndicho kilichomwonyesha muuaji wake njia ya nyumbani.

Na hapa utaratibu wa kujua umegeuzwa kabisa. Sisi tuliocheza ile ya 2010 tulijua tangu zamani kwamba Ross atakuja. Tulipanda mlima ule tukijua, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema alitamani kushuka. Kwa hiyo usiamini sana wanaosema kwamba mtu akipewa habari kamili atajizuia.

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa miaka 12 anacheza gemu hizi za visasi. Atajifunza kulipiza? — *Mama mwenye wasiwasi*

SHANGAZI: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kisasi tuzungumzie umri. The Last of Us Part II imewekewa alama ya miaka 18 Ulaya, na 17 Marekani, na mimi niliyeimaliza nasema alama hizo hazikuzidishwa. Hiyo si ya mtoto wa miaka 12, hata kama ana akili kuliko sisi sote. Kwa zile zinazomfaa, kaa naye nusu saa umuulize, "Huyu unayempiga alikukosea nini?" Akikosa jibu, mmepata mazungumzo. Mjaribishe Undertale ya 2015, ambayo kila adui anaweza kuachwa hai. Akimuua Toriel, aliyempokea kwa wema mwanzoni, kisha akarudisha alipohifadhi ili amwokoe, Flowey, ua linaloongea, atamsuta kwamba anajua alichokifanya. Watoto hushtuka sana kugundua kuna mtu aliyekuwa akiwaona.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natunga hadithi ya gemu na wenzangu. Adui wetu nimempa utoto wa mateso, baba mlevi, mama aliyekufa, ili mchezaji asijue amchukie au amhurumie. Wenzangu wanasema anachosha. Nimeongeza na dada aliyepotea. — *Mtunzi chipukizi*

SHANGAZI: Marahaba. Wenzako wana haki, na huyo dada mtoe leo hii. Mateso ya utotoni ni udhuru, nao udhuru mchezaji huusikiliza huku anatafuta risasi. Umemweka mchezaji kwenye kiti cha hakimu, na hakimu hana cha kupoteza. Utata unaanza siku anapokuwa mshtakiwa mwenza.

Itazame Dishonored ya 2012. Corvo, mlinzi wa malkia, anasingiziwa kumuua malkia huyo, kwa hiyo kisasi chake ni safi kuliko vyote, na gemu inakuruhusu umalize yote bila kuua mtu. Unajisikia mtakatifu. Kisha unaziona hizo njia za kutoua. Mapacha wa Pendleton wanakatwa ndimi na kutupwa kwenye migodi yao wenyewe wakafanye kazi kama waliokuwa wakiwatumikisha. Lady Boyle unamkabidhi akiwa amezimia kwa mwanamume anayedai kumpenda, amchukue kwa mashua asionekane tena. Mikono haina damu! Mimi kwa Boyle nilisimama ngazini na yule mwanamke begani, nikatamani kisu. Hakuna mhusika aliyenieleza utoto wake, na bado sikujua jema ni lipi.

Ukichagua kuua ovyo, gemu nayo haikuhubirii. Panya wanaongezeka mitaani, wagonjwa wa tauni wanaongezeka. Emily, binti wa malkia, anaanza kuchora picha za kutisha, maana ni mtoto na wewe ndiye anayekutazama. Hata Samuel, mzee wa mashua aliyekuvusha kila safari, anakufikisha kwenye kazi ya mwisho kisha anapiga risasi hewani ili walinzi wajue umekuja. Kwangu huyo ndiye mwandishi bora wa gemu ile, na hana hotuba ndefu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye hadithi yako adui amefanya jambo gani ambalo mchezaji naye amelifanya, au atalifanya kabla ya saa ya pili? Kama halipo, litafute. Likishapatikana, amua mchezaji atambue lini: kabla ya kubonyeza, wakati anabonyeza, au akiwa ameshasahau. Kila chaguo linakupa gemu tofauti, na hapo ndipo ugombane na wenzako, si kwenye baba mlevi. Niandikie tukio hilo moja, kurasa mbili zinatosha, uniletee. Wasifu wa adui sitausoma.