Hesabu ya kupasha maji: usiiamini kalkuleta kabla ya maji yenyewe

Kanuni yenyewe ni fupi: joto lililoingia ni masi mara joto mahususi (joto la kupandisha kilo moja ya kitu kwa nyuzi moja) mara badiliko la halijoto. Ukitaka badiliko, gawa joto kwa masi mara joto mahususi. Kwa maji, joto mahususi ni kama jouli (kipimo cha joto) 4,200 kwa kila kilogramu, kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Wanafunzi ninaowaelekeza huikariri upesi. Wanakokwama ni kwingine.

Kwanza ni gramu. Tia jouli 84,000 kwenye nusu lita ya maji. Anayeandika masi 500 badala ya 0.5 anapata badiliko la nyuzi 0.04, na anasonga mbele bila wasiwasi! Birika la wati 2,000 hutoa joto hilo kwa sekunde 42; maji yatabakije baridi vile? Jibu ni nyuzi 40. Nalo ni badiliko tu: kama maji yalianza nyuzi 25, sasa yako 65.

Mtego ninaoupenda zaidi ni huu. Kilo 2 za maji ziko nyuzi 30, unazitia jouli 1,000,000. Ukigawa unapata badiliko la nyuzi 119, yaani maji ya nyuzi 149 ndani ya chombo kilicho wazi. Hayapo. Kwenye kanieneo ya kawaida ya hewa maji huchemka yakifika 100, na hapo halijoto husimama hata moto ukiendelea. Kwa hiyo hesabu kwa vipande: kufika 100 kunahitaji 2 × 4,200 × 70, yaani jouli 588,000. Zinabaki 412,000, na hizo zinageuza maji kuwa mvuke. Kilo moja ya maji yanayochemka hula takriban jouli 2,260,000 ili iwe mvuke wote, basi hapa zitaondoka gramu 182 hivi.

Chombo nacho kina sehemu yake. Sufuria ya alumini ya gramu 400 hunywa jouli 360 hivi kwa kila nyuzi, wakati ile nusu lita yetu hunywa 2,100. Jumlisha, ugawe upya zile 84,000: badiliko linashuka kutoka 40 hadi nyuzi 34. Joto linalopotelea hewani bado hatujaligusa, ndiyo maana kipimajoto kitasoma chini ya hapo.