Foleni mbili, majina yaleyale

SWALI: Nasoma kompyuta, mwaka wa mwisho wa sekondari, na mradi wangu naandika kwa Python. Nimeunda klasi (kiolezo cha kuundia vitu) ya Foleni ambayo mstari wake wa kwanza ni majina = [], yaani orodha tupu. Nikatengeneza foleni mbili, asubuhi na jioni. Nikimwongeza Asha kwenye asubuhi, anaonekana na kwenye jioni! Je, Python ina hitilafu? Halafu mwalimu kanipunguzia alama kwa kuwa namtoa wa mbele kwa pop(0), ilhali programu inafanya kazi. Kumjua aliye mbele naandika asubuhi.majina[0].

JIBU: Python haina kosa, mwanangu. Mstari huo umeuweka kwenye mwili wa klasi, nje ya metodi zote (vitendo vya klasi), na hapo Python huupitia mara moja tu, klasi inapoundwa. Orodha iliyozaliwa ni moja, nayo ni mali ya klasi. Unapoita self.majina.append ili kuongeza jina, Python hutafuta majina ndani ya obujekti, yaani foleni yenyewe iliyoundwa kwa klasi hiyo, na ikikosa hupanda kwenye klasi. Asubuhi inafika hapo, jioni nayo inafika palepale.

Ihamishie orodha kwenye __init__, uandike self.majina = []. Metodi hiyo huitwa kila unapoandika Foleni(), hivyo kila foleni hupata orodha yake. Kabla na baada ya kurekebisha, chapisha asubuhi.majina is jioni.majina, swali linalouliza kama hizo mbili ni orodha ileile. Utaona True ikigeuka False. Usiruke jaribio hili.

Ungekuwa umeweka idadi = 0 mahali hapohapo, kisha ukaandika self.idadi += 1, usingegundua chochote, maana kitendo hicho huunda idadi mpya ndani ya obujekti. Namba hulificha kosa, orodha hulifichua. Na usije ukaandika def __init__(self, majina=[]), kwa sababu orodha hiyo nayo huundwa mara moja tu na kutumiwa na wote.

Kuhusu pop(0), namuunga mkono mwalimu wako. Orodha ya Python kwa ndani ni safu, yaani nafasi zilizopangana bega kwa bega kwenye kumbukumbu. Ukimtoa wa kwanza, waliobaki wote husogezwa nafasi moja. Kwa majina 100,000, kumtoa mmoja kunasogeza 99,999, na kuimaliza foleni nzima kunahitaji misogeo karibu bilioni 5. Kwa majina kumi uliyojaribia huwezi kuliona hilo.

Tumia orodha unganishi: kila nodi ina jina na rejeo la nodi inayofuata, na foleni inakumbuka mbele na nyuma. Kutoa ni kuisogeza mbele kwenye nodi inayofuata, hata kama foleni ina watu milioni. Ninaposahihisha miradi, hapa ndipo ninapokodoa macho: akitoka mtu wa mwisho, mbele inakuwa None (yaani hakuna kitu), je, nyuma umeirudisha None pia? Usipofanya hivyo, na metodi yako ya kuongeza ikawa inaangalia nyuma peke yake, anayefuata ataunganishwa na nodi iliyokwisha kutoka. Utamwongeza, lakini foleni itasema ni tupu.

Sasa asubuhi.majina[0]. Mimi naliona hili kuwa zito kuliko yote uliyouliza. Ukibadili safu kuwa nodi, kila mstari wa aina hiyo utavunjika. Andika metodi ya wa_mbele(), na programu kuu iijue foleni kwa ongeza, ondoa na wa_mbele tu. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway walipotunga Simula 67, lugha iliyoleta klasi, kazi yao ilikuwa kuiga mifumo yenye foleni za kila aina, kwa hiyo uko kwenye uwanja wenyewe hasa. Kwenye lugha ya Java ungeandika private na kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, ingemzuia anayechungulia ndani. Python haizuii. Waandishi wake hutanguliza mstari mdogo, _majina, kuashiria kwamba hapa pa ndani, na wewe ufanye hivyo kabla ya kukabidhi mradi.