Mume wangu ananitumia meseji akiwa sebuleni

SWALI: Dada, salaam. Mimi ni mama wa miaka 57, niko kwenye ndoa mwaka wa 33. Maisha yangu yote nimetumia kitochi, simu ya kupiga na kupokea basi. Mwaka huu watoto wametununulia simu janja mbili, yangu na ya baba yao. Mwenzangu kaishika upesi. Siku hizi ananitumia meseji yeye akiwa sebuleni na mimi niko chumbani. Juzi kaandika: "Miwani yako nimeiona, usihangaike." Jana usiku: "Umelala?" Nilikuwa macho. Nikaisoma, nikairudia, nikacheka peke yangu gizani. Shida ni kumjibu. Herufi ndogo, nikigusa hii inakuja ile. Nikimwomba binti yangu wa mwisho aniandikie, anazisoma meseji za baba yake kwa sauti, kisha anamwita kaka yake aje asikilize. Naona haya. Sasa nimebaki kumtumia dole gumba tu. Je, kwa umri huu ni sawa kufurahia mambo haya? Na nitajifunzaje bila watoto kukaa katikati yetu?
Mama Dole Gumba

JIBU: Mdogo wangu, furahi, na usimwombe mtu ruhusa. Mume wa ndoa ya miaka 33 anayekuuliza "Umelala?" kutoka chumba cha pili, huyo anakutafuta. Wako wanawake wengi wanaoniandikia ambao waume zao wanalala ubavuni mwao na hawajaulizwa neno hilo tangu watoto wakiwa wadogo.

Na hilo la kuitana kutoka chumba cha pili lina historia. Tarehe 10 Machi 1876, Alexander Graham Bell alipofaulu kwa mara ya kwanza kupitisha maneno ya kueleweka kwenye simu yake, aliyemsemesha alikuwa msaidizi wake, Thomas Watson, aliyekuwa chumba kingine palepale. Alimwambia: "Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona." Mwaka uliofuata Bell alimwoa Mabel Hubbard, mwanamke aliyepoteza kusikia akiwa na miaka mitano kwa sababu ya ugonjwa. Zawadi aliyompa ya harusi ilikuwa karibu hisa zake zote za kampuni ya simu. Alijibakizia 10 tu. Mimi wale wawili huwafikiria sana. Mume katengeneza chombo cha kuvusha sauti, na mke hakuweza kukitumia kusikia hata neno moja la mumewe. Wakiwa pamoja, mama yule alisoma midomo. Bell akisafiri, waliandikiana barua na kuzisubiri. Wewe neno la mumeo linakufikia kitandani, limeandikwa, na unaweza kulirudia mpaka usingizi ukuchukue.

Sasa tuje kwenye kidole. Kwanza, usijihesabu mzito wa kuelewa kwa sababu ya macho. Kuanzia kwenye miaka ya 40 lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na vitu vya karibu huanza kuonekana vya ukungu. Humpata kila mtu. Vaa miwani ya kusomea, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya skrini, ukuze maandishi mpaka uone raha. WhatsApp nayo, kwenye simu nyingi, ina mipangilio yake ya ukubwa wa herufi. Ukiandika, laza simu ubavu: kibodi inatanuka na herufi zinaachana, kidole kinapata pa kutua. Na kama simu inakubadilishia maneno, unaandika hivi inaleta vile, ujue kibodi iko kwenye lugha nyingine. Kibodi ya Google ina Kiswahili. Ongeza Kiswahili, zima ule urekebishaji wa maneno, utaandika kwa amani.

Ukichoka kuandika, sema. Ndani ya WhatsApp, pale chini kulia kuna alama ya kipaza sauti. Ibonyeze usiiachie, zungumza, ukimaliza achia, ujumbe umeshakwenda. Kama maneno ni marefu, sukuma kidole juu kidogo, simu itaendelea kurekodi hata ukiondoa mkono.

Mimi ujumbe wa sauti naupenda kuliko maandishi, na sababu ni mume wangu. Nyumbani kwetu yeye ndiye aliyechelewa. Akirekodi, huanza kwa kukohoa kidogo, halafu hulitaja jina langu lote kama anayeniita ofisini, halafu kimya. Nasikia pumzi yake tu, na nyuma yake milio ya magari. Ndipo anasema: "Nimefika. Nilitaka ujue." Hakuna kingine. Ule ujumbe nimeuwekea nyota ili usipotee kwenye rundo la picha na salamu. Nawe fanya hivyo: bonyeza ujumbe kwa muda, juu itatokea alama ya nyota, iguse. Na mwambie mumeo ahakikishe simu inatunza nakala za mazungumzo yenu, maana ikiharibika au ikipotea bila nakala, hizo nyota zinakwenda nayo.

Nani akufundishe? Watoto wamefanya lao, wametoa simu, Mungu awabariki. Lakini mwalimu wako awe mumeo. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nimeona kilichotokea kwetu. Jioni, vyombo vimeshaoshwa, tulikuwa tunakaa upande mmoja wa meza, viti vimegusana, simu yake katikati na yangu pembeni ya kiwiko changu. Kidole chake cha shahada kinaning'inia hewani. "N iko wapi?" Namwonyesha. "Na I?" Siku alipoandika "Nipo" peke yake na kugusa mshale wa kutuma, simu yangu ikalia hapohapo kwenye kiwiko. Akaitazama, akanitazama, akacheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Miaka mingi tulikuwa hatukai hivyo, mabega yamegusana, bila kuwa na bili ya kujadili au mgonjwa wa kusubiri. Mtoto angemfundisha kwa haraka zaidi, nakubali. Lakini jioni zile tungezikosa.

Basi mwambie mumeo leo: "Nifundishe, nataka kukujibu." Sentensi hiyo itampendeza kuliko unavyodhani.

Na binti yako. Hapa sitapepesa. Meseji za baba yake kwako ni zako. Hana nia mbaya, anaona ni vizuri wazazi wake wanapendana, na kwa kweli ni vizuri aone. Ila kuona ni jambo moja, na kusoma kwa sauti mbele ya kaka yake ni jambo jingine. Mkalishe, mwambie kwa upole na bila kucheka, asije akadhani ni utani: "Simu yangu usiifungue nisipokuomba." Kisha weka alama ya kidole au namba ya siri. Unaweza hata kuyafunga mazungumzo ya mumeo peke yake ndani ya WhatsApp, yakawa hayafunguki ila kwa kidole chako au namba yako ya siri. Na kwa kuwa wewe ni mgeni humo, nikukabidhi na hili: ukiletewa namba ya tarakimu sita kwenye meseji, usimpe mtu yeyote, hata akijitaja kuwa ndugu yako. Ndiyo njia wanayoibia akaunti za watu.

Dole gumba usilitupe, lina siku zake. Lakini tangu mwaka 2014 zile tiki mbili hugeuka bluu ukishasoma, kwa hiyo mumeo anajua "Umelala?" imesomwa, na yuko pale sebuleni anasubiri. Mwandikie: "Bado. Njoo." Herufi nane, na kidole chako kitaziweza.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Baba yangu ana miaka 68. Nimemfundisha kupiga simu ya video mara nyingi, na kila jioni ananipigia ile simu ya kawaida kuuliza tena. Hasira zinanipanda, nampokonya simu namfanyia mwenyewe, halafu usiku najisikia vibaya. Nifanyeje?
Mwana wa Kwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpokonye. Mkono wa mtu ukiachia simu, na kichwa kinaachia. Kaa pembeni yake, simu ibaki mikononi mwake, weka mikono yako mapajani kama ni lazima. Mwache agonge pasipo, arudi nyuma, ajaribu tena. Halafu chukua karatasi, umpe kalamu aandike hatua mwenyewe kwa maneno yake. Akitaka kuandika "gusa kile cha kijani chenye kisimu" mwache aandike hivyo hivyo. Karatasi ya maneno yako ataipoteza, ya maneno yake ataibandika ukutani.

Tena uanze na mtu anayetaka kumwona. Baba yako hana haja na simu ya video. Ana haja na uso fulani. Muulize ni wa nani. Kama ni wa dada yake aliye mbali, somo la kwanza liwe kumpigia huyo, si mwingine, mpaka lizoeleke. Mengine yatafuata.

Na kila jioni anakupigia wewe. Anayo simu, anazo namba za watu wengi, anachagua yako. Siku akishajua ile ya video, omba aendelee kupiga.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni babu. Mjukuu wetu wa kwanza ana mwaka mmoja na nusu, anakaa mbali. Jumapili tunapigiana simu ya video, lakini mtoto anatutazama dakika moja anakimbia. Mke wangu anaumia. Na mimi nasikia skrini ni mbaya kwa watoto, nabaki na wasiwasi. Tuache?
Babu wa Jumapili

JIBU: Msiache kabisa, kaka yangu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri watoto walio chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya skrini, lakini simu za video na ndugu kikazitoa kwenye katazo hilo. Sababu inaeleweka: katuni haimjibu mtoto, babu anamjibu. Akipunga, unapunga. Akiita, unaitika.

Dakika moja kwa umri huo si haba. Mwambie mama yake apige mtoto akiwa ameamka vizuri na ameshiba, na amweke chini pamoja na vitu vyake badala ya kumshika mbele ya simu. Ninyi fanyeni jambo lilelile kila Jumapili: wimbo mmoja, au mke wako afiche uso kwa viganja na kuufichua. Mtoto wa umri huo anapenda kinachorudi. Jumapili chache zikipita ataanza kuziba uso wake kabla ninyi hamjaanza, na hapo mke wako atasahau kabisa ile habari ya kukimbia.

Jambo jingine dogo. Simu iegemezeni kwenye kitu, mkae wawili mbele yake, dirisha liwe mbele yenu na si mgongoni. Mababu wengi hushika simu chini ya kidevu, mtoto anaona pua na dari. Mkiiweka usawa wa macho atawaona nyuso zote mbili, na mke wako hatalazimika kuchungulia begani kwako.

SWALI: Shangazi, nimefuta picha ya mke wangu akiwa amembeba mtoto wetu siku aliyozaliwa. Nilikuwa najaribu kupunguza picha, simu imejaa. Mke hajui. Nimekosa usingizi. Nimwambie?
Baba Mpya

JIBU: Mwambie, lakini kwanza fungua simu sasa hivi. Picha iliyofutwa haiondoki papo hapo. Nenda kwenye programu yako ya picha, tafuta kapu la taka au sehemu ya zilizofutwa karibuni. Kwa kawaida hukaa humo siku 30. Kama ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye Google Photos, siku 60. Iguse, chagua kurejesha. Usipoikuta, angalia mazungumzo ya WhatsApp na mama yako au mama mkwe, maana picha ya siku ile lazima uliwatumia, na waombe wakurudishie.

Ukishaipata, ipeleke ikachapishwe kwenye karatasi, nakala mbili, moja ya ukutani na moja ya kuweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha mtoto. Halafu kaa na mama mtoto, mchague pamoja zipi zifutwe. Mtabishana juu ya kila moja, na simu itabaki imejaa vilevile. Nunueni kadi ya kuhifadhia.