Jibu: Kijana wa miaka 14 na vyuma, msimu wa basketi ukiisha

Mama, umeuliza kama kijana wako wa miaka 14 anaweza kunyanyua vyuma sasa msimu umeisha, na kama vitamfanya abaki mfupi. Havitamzuia kukua, mradi uzito ni mdogo na mtu mzima anayejua yuko pale anamsimamia. Ila asianzie huko. Majuma ya kwanza mwili wake mwenyewe unatosha: kuchuchumaa, pushapu, kujivuta juu kwenye bomba, mara 2 au 3 kwa juma.

Kinachonihangaisha ni magoti. Hapa Goma watoto wanaruka mwaka mzima juu ya saruji na udongo wa mawe ya volkano, na umri huo mifupa inarefuka haraka. Akilalamika maumivu chini kidogo ya pia ya goti, pale kano inaposhika mfupa, tafadhali usimwambie avumilie. Apunguze kuruka, umpeleke kwa dokta. Mfundishe pia kutua polepole, magoti yamepinda, yasiingie ndani. Kwangu hilo linapita vyuma vyote.

Na ale: maharagi, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa), mayai yakipatikana. Usiku alale masaa 8 mpaka 10.