Udi wa mchana

Mwanangu,

Juzi kwenye simu nilikukwepa kwa sababu baba yako alikuwa kakaa pembeni. Uliniuliza yule jirani yetu wa vitumbua alikufa kwa saratani gani, na ilikuwaje tusijue naye tunamwona kila siku anacheka. Tena ukasema shuleni kwa mjukuu wangu wametangaza chanjo ya wasichana, na kuna mzazi mmoja anawaambia wenzake itawafunga kizazi.

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Msibani tulisema "tumbo", kwa aibu tu.

Kicheko chake ulikuwa unakisikia tangu bombani. Alfajiri yuko kwenye kigoda, anageuza vitumbua kwa kijiti, na mtu wa mkopo akipita anaambiwa: "Deni lako limeumuka kuliko unga wangu!"

Mwaka wake wa mwisho akaanza kufukiza udi mchana. Si Ijumaa, si sikukuu. Na kigoda akawa anakitandikia kanga iliyokunjwa mara nne. Mimi na ushoga wetu nikamtania: "Mwenzetu, leo shemeji harudi kijiweni." Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ukuta alikuwa anaushika kwa maumivu, na udi ulikuwa wa kuficha harufu. Hedhi ilishakoma, lakini damu ilikuwa inamtoka kwa miezi. Zahanati moja walimpa dawa za mkojo mara tatu, wala hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe.

Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, tulifika ugonjwa umeshasambaa. Nilikuwa nampeleka mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwenye mabenchi pale kuna wanawake wametoka mikoani, wengine hata Dar hawaijui, naye kazi yake kuwachekesha. Siku moja tu hakucheka. Tumetoka, upepo wa bahari unavuma, akaniambia: "Shoga, nilitaka kukwambia siku ile ya udi." Nikajifanya naangalia meli.

Sasa chanjo. Saratani hii karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, na kirusi chenyewe kinaambukizwa kwa kujamiiana. Ndiyo maana binti anachanjwa mapema, kabla hajaanza mambo hayo. Hapa kwetu Tanzania ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, kuanzia miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi. Kinachomaliza kizazi ni ugonjwa wenyewe, na matibabu yake pia. Huyo mzazi usibishane naye, wewe mchanjishe mtoto.

Na wewe umeshapita thelathini na chanjo haikukukuta, kwa hiyo nenda kapime. Usisubiri uumwe, maana mwanzoni haiumi kabisa. Mimi nilikwenda baada ya arobaini yake. Nilikuwa natetemeka, nikadhani watanikata. Nesi akachovya pamba kwenye kibakuli, akapaka, akasubiri kama dakika moja. Pakiwa na dalili mbaya panageuka peupe. Nikamuuliza ni dawa gani hiyo. Akasema siki.

Siki, mwanangu, kama ya kachumbari. Nikaangua kicheko pale pale kitandani, nesi akanishangaa. Nilikuwa namsikia shoga yangu anauliza kama na pilipili imo.

Mama yako