Miaka mitatu ya kuacha kula kila kete

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mchezo gani umejifunza ukubwani, na umefika wapi?" Wangu ni sataranji. Nilianza nikiwa na miaka 38, kwa simu, kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, maana ni bure na haina matangazo ya kunimalizia bando.

Kila mgeni pale huanzia alama 1500 za kiwango, ambazo hupanda ukishinda na kushuka ukipigwa. Heshima hiyo sikukaa nayo. Wiki mbili baadaye nilikuwa na 1090.

Ugonjwa wangu niliutoa kijiweni. Nimekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda, na kwenye drafti kula ni lazima. Ukiwekewa kete unaila, hata kama unaona wazi kwamba unalishwa moja ili uliwe tatu. Sataranji haina sheria hiyo, ila mkono wangu ulikuwa haujaambiwa.

Kilichonizindua ni Gambiti ya Malkia, ufunguzi ambamo mweupe hukutegea askari mmoja. Mweupe akaanza na askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba wa ubao), nikajibu d5, akaniletea mwingine c4, wa bure. Nikala. Kula pale si kosa, hata mabingwa hula. Kosa ni uchoyo unaofuata. Alipocheza e3, nikang'ang'ania mali yangu kwa b5. Akaja a4, nikaongeza c6, tukalana pale b5, kisha malkia wake akachomoka hadi f3. Mshazari wote ulikuwa mtupu mpaka kwenye kete yangu ya ngome, pale a8. Ili kuinusuru nikamtoa farasi sadaka. Hatua ya sita tu!

Tangu siku hiyo niliacha michezo ya dakika tatu, nikahamia ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde kumi kila hatua. Nikipigwa, naitafuta mwenyewe hatua iliyoniua kabla ya kuuliza kompyuta. Mara nyingi mno ilikuwa ni kula. Askari wawili wakitazamana, anayekula kwanza aghalabu humwalika mwenzake aje na farasi au askofu kurudishia, naye anakuwa amekaa katikati ya ubao bila hata kupoteza hatua. Mimi nilikuwa nawavutia watu kiti sebuleni kwangu.

Sasa nina 1640. Uchezaji wangu unachosha, nakiri. Naacha askari watazamane, nasogeza ngome nyuma yao, nangoja. Wengi hawavumilii, wanakula wao. Udhaifu nao upo: saa ikibaki dakika moja nababaika, na mwishoni mwa mchezo, kila mmoja akibaki na ngome, nimeshapoteza michezo niliyokuwa nimeshinda.

Mzee mmoja wa kijiweni huuita huu mchezo wa wazungu. Nilimwambia jina lenyewe, sataranji, limetujia kwa Waarabu, nao waliupata kwa Waajemi, na Waajemi kutoka India. Akasema basi wote hao hawakuwa na drafti.

Jumapili iliyopita nilikaa naye tukacheza. Katikati ya mchezo akanisogezea kizibo, nami kwa mazoea mapya nikakiacha, nikasogeza kingine pembeni. Kijiwe kizima kikapiga kelele, "Kula!" Nikarudisha mkono, nikala kimoja. Mzee akala vitatu, akatoa kingi.