Foleni ya Barabara ya Morogoro: pangia siku mbaya

Ninaishi Mbezi, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji; kila siku napita Barabara ya Morogoro. Foleni ninayoijua urefu wake haininyimi usingizi; nikishajua ni saa moja na nusu, nitaamka mapema nijipange. Inayotutesa ni ile isiyotabirika: leo umefika kwa saa moja, kesho ni saa tatu, na hakuna aliyekutahadharisha.

Barabara hii moja inabeba daladala, mabasi ya mikoani ya Stendi ya Magufuli na malori ya bandarini yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda. Lori likiharibikia Kimara, kila mtu anasimama. Mvua ikijaza Mto Msimbazi, barabara hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi hayafiki mjini. Ukiongeza msafara wa viongozi, mahesabu yako yote yamevurugika. Daraja la juu la Ubungo lililofunguliwa 2021 limesaidia kweli, ila halizuii lolote kati ya hayo.

Anayeumia zaidi ni mwenye kipato kidogo. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ileile ya siku na tajiri wake, mwenye gari, hata kama amekwama mchana kutwa, kwa hiyo anakatisha ruti, na abiria analipa nauli mara ya pili. Kibarua akichelewa anakuta nafasi imeshachukuliwa. Kina mama wanatoka saa kumi na moja alfajiri ili saa mbili wawe wameshafika kazini. Njia ikiwa nyeupe, wanakaa nje ya geti la ofisi wakisubiri lifunguliwe. Saa hizo za tahadhari, zilizoibwa kwa watoto, ndizo gharama kubwa kuliko mafuta.

Wapo wanaofaidika, na riziki yao naiheshimu: bodaboda, na vijana wauzao maji na karanga katikati ya magari. Lakini hata muuza maji anategemea foleni ya jioni anayoijua. Ya ghafla humkuta hana barafu.

Ushauri wangu: andika muda wako wa safari kwa wiki mbili. Achana na wastani. Tazama siku mbaya kuliko zote. Huo ndio muda wa kutenga ukienda usaili, kliniki au uwanja wa ndege. Siku za kawaida usijichoshe hivyo. Mwombe bosi muda wa kuingia unaonyumbulika, tuseme kati ya saa moja na saa tatu, mradi saa zako zitimie. Ombi hilo hukubalika kuliko kuomba radhi kila wiki. Na kama una uwezo wa kuchagua, mtafutie mtoto shule ambayo haimlazimu kuvuka Ubungo.

Kwa wenye mamlaka, nasema hili kwa moyo wote: kabla ya njia nyingine mpya, wekeni gari la kuvuta malori mabovu likae Kimara usiku na mchana, na barabara ikifungwa tutangazieni redioni papo hapo, kabla hatujatoka nyumbani.